Hesabu Zikilingana, Ushahidi Bado

Tarehe 19 Agosti 2003, kisiwani Pemba, utoaji wa madini ya chuma na asidi ya foliki kwa watoto waliokuwa katika utafiti mkubwa ulisitishwa kabla ya muda wake. Dawa haikuwa mbovu, wala nadharia iliyoileta haikuwa ya kubahatisha. Upungufu wa damu ulikuwa umeenea, na chuma hujenga damu. Basi ilionekana wazi kwamba mtoto akipewa chuma kila siku atanufaika. Kilichobaki ni kupima.

Hoja inayopendeza kabla ya kupimwa si jaribu la tiba peke yake. Hata fizikia, elimu inayosifiwa kwa uhakika wa hesabu zake, inalijua jaribu hilo. Nadharia inayokubalika ya chembe ndogo kuliko atomi haielezi kwa nini elektroni ina tungamo lile iliyo nalo. Namba hiyo hupatikana kwa kupimwa tu. Pengo hilo limewavutia wengi kubuni kanuni zao.

Mwaka 1951, Friedrich Lenz aliandika sentensi chache katika jarida la Physical Review. Vipimo vya wakati ule vilionyesha kuwa tungamo la protoni ni mara 1836.12 ya lile la elektroni. Lenz akabainisha kwamba namba pai ikizidishwa yenyewe hadi kipeo cha tano, kisha mara sita, jibu ni hilohilo. Sababu hakuitoa. Leo vipimo vinasema 1836.153, na kanuni yake inabaki kwenye 1836.118. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini inapita mbali kosa linaloweza kuwamo katika vipimo vya sasa. Anayechanganya namba kwa muda mrefu hakosi kupata moja inayolingana.

Kanuni ya Mjapani Yoshio Koide, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina heshima zaidi. Inaunganisha tungamo za elektroni, muoni na tau kwa uwiano wa theluthi mbili. Wakati huo tau ilikadiriwa kuwa karibu megaelektronivolti 1784. Kanuni ilidai 1777. Mwaka 1992, vipimo vilivyofanyika Beijing vikaleta takriban 1777. Hapa utabiri ulitangulia kipimo. Hata hivyo, hakuna aliyethibitisha kwa nini uwiano huo uwepo, na kanuni imebaki kuwa fumbo. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu si mvua.

Pemba ilikuwa kinyume chake: sababu ilijulikana, matokeo hayakujulikana. Watoto 24,076 wenye umri wa miezi 1 hadi 35 waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa chuma na asidi ya foliki, wengine wakaongezewa zinki, na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Malaria ilikuwa kali kisiwani. Waliopewa chuma walielekea kwa asilimia 12 zaidi kufariki au kulazwa hospitalini. Kamati ya kufuatilia usalama ikashauri kusitisha, na mwaka 2006 matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet.

Chuma hakikugeuka sumu kwa hilo. Katika kundi dogo lililopimwa damu mwanzoni, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika. Swali likawa: nani apewe, na amekingwaje dhidi ya malaria? Kwa hiyo mama mjamzito au mzazi aliyeandikiwa chuma asikiache kwa kusoma habari hii. Azungumze na mhudumu wake.

Mhudumu na mgonjwa wanapoletewa dawa yenye maelezo matamu, waulize: matokeo yalitajwa kabla ya kuonekana? Waliopewa walilinganishwa na wasiopewa? Na mtoa dai amesema mapema ni jambo gani likitokea atakiri kuwa amekosea? Watafiti wa Pemba walikuwa wamejiwekea jibu la swali hilo la mwisho, ndiyo maana dawa ilisimamishwa kwa wakati.