Kabla ya kutuma pesa za Land Rover uliyoiona kwenye simu

Mwezi wa Oktoba, bonasi ya majani chai inapoingia, wakulima wa Imenti Kusini huwa na mambo mengi ya kulipia: karo, mbolea, deni la duka, mabati ya nyumba ya kijana. Kwa wengine kuna pia ndoto ya miaka mingi, ambayo ni gari. Na si gari lolote. Wapo wanaotaka Land Rover kama ile iliyokuwa ikipanda milima ya huku wakiwa watoto, au Peugeot 504, ile ambayo wazee bado wanaiita Pijo, iliyobeba abiria kati ya Meru na Nairobi kabla ya Nissan kutawala barabara.

Siku hizi magari hayo hutafutwa kwenye simu. Mtu akiwa ameketi sokoni Kanyakine anaweza kuona Land Rover iliyo Nanyuki, Volkswagen ya mgongo wa kobe iliyo Karen na Peugeot iliyo Nyali, zote kabla chai haijapoa. Wauzaji wengi ni watu waaminifu. Lakini biashara ya magari ya zamani ina mianya ambayo biashara ya magari mapya haina, na tapeli anaijua yote.

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu aliyepokea malipo yake ya uzeeni. Anaona tangazo la Land Rover ya mwaka 1974, rangi ya kijani, bei nafuu kuliko alivyotarajia. Anapiga simu. Sauti ya upande wa pili ina adabu: "Shikamoo mwalimu. Gari ni safi, lilikuwa la daktari mmoja aliyehamia ng'ambo. Lakini mzee wangu, kuna mteja mwingine anakuja kesho asubuhi. Ukinitumia elfu hamsini nitakuwekea." Mwalimu anatuma, na ya kutolea anaongeza. Jioni anaambiwa gari liko njiani ila dereva amekwama Mombasa na anahitaji mafuta. Siku ya tatu simu haishikwi.

Huo ndio utapeli wa kawaida, na kusema kweli ndio rahisi kuuepuka. Picha za tangazo kama hilo mara nyingi zimechukuliwa kwenye tovuti ya nchi nyingine. Kijana yeyote mwenye simu nzuri anaweza kuitafuta picha kupitia Google Lens na kuona imetokea wapi kwanza. Usukani ukiwa upande wa kushoto, au mandhari ya nyuma yakiwa na theluji, hakuna haja hata ya kutafuta. Mnunuzi pia anaweza kuomba video fupi iliyopigwa siku hiyo, ikionyesha nambari ya chesisi pembeni ya gazeti la leo. Aliye na gari hatachukua dakika kumi. Asiye nalo atakuwa na sababu: kamera imeharibika, gari limefungiwa gereji, mlinzi ameenda na ufunguo.

Vigumu zaidi ni pale gari lenyewe lipo, linaonekana, linawaka, na hata unaliendesha hadi Nkubu na kurudi.

Jina lililo kwenye logibuku

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyo hiyo inataka gari lililouzwa lisitumike barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mwenye mpya kusajiliwa. Katika magari ya zamani kanuni hii imevunjwa mara nyingi. Gari la mwaka 1974 huenda limepitia mikono sita, na bado logibuku ina jina la mtu wa kwanza. Kila aliyeuza alimkabidhi mwenzake ufunguo, kijitabu, na fomu ya uhamisho iliyotiwa saini bila kujazwa. Ilikuwa desturi. Watu waliaminiana, na safari ya kwenda Nairobi kwa msajili wa magari ilikuwa ndefu.

Fomu hizo za zamani sasa hazifai kitu. Uhamisho hufanywa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, kupitia eCitizen. Anayeuanzisha ni yule ambaye gari liko kwa jina lake, akitumia akaunti yake mwenyewe. Mnunuzi naye huukubali akiwa kwenye akaunti yake. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji halihusu injini wala magurudumu. Ni hili: je, wewe ndiye uliyeandikwa? Kama jibu ni "hapana, lakini nina karatasi zote," basi hana kitu kimoja kinachohitajika, nacho ni akaunti ya mwenye gari.

Na mwenye gari akiwa amefariki je? Hapa ndipo wanunuzi wengi wanyoofu huumia, maana hata muuzaji wakati mwingine hana nia mbaya. Mwana anauza Peugeot ya marehemu baba yake iliyokaa chini ya mwembe tangu mazishi. Anasema familia imekubaliana. Lakini chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mali ya marehemu haiguswi na mtu asiyepewa mamlaka na mahakama, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Bila barua za usimamizi wa mirathi na hati iliyothibitishwa na mahakama, hakuna uhamisho. Mnunuzi atabaki na gari asiloweza kusajili, na siku ndugu wengine watakapotokea kutoka Nairobi au Isiolo kulidai, hatakuwa na cha kuwaonyesha zaidi ya ujumbe wa M-Pesa.

Hali hutatanisha zaidi kwa magari yaliyokuwa ya vyama vya ushirika, misheni au kampuni zilizofungwa zamani. Katibu wa wakati huo hawezi kuuza kwa mdomo. Inahitajika idhini ya maandishi ya wale wenye mamlaka juu ya mali hiyo, na kama kampuni ilifilisika, ya mfilisi. Magari yaliyokuwa na pleti za GK nayo yanapaswa kuwa na hati za mnada wa serikali na usajili wa kiraia uliofuata. Pleti mpya zilizofungwa juu ya bodi ya zamani hazithibitishi lolote.

Utafutaji wa rekodi ya gari unafanywa kwenye eCitizen kwa ada ya shilingi mia chache, na asiye na simu ya kufaa anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre mjini Meru. Rekodi hiyo inaonyesha jina la mwenye gari, nambari ya chesisi, ya injini, rangi na aina ya bodi. Inaonyesha pia kama benki au chama cha akiba kina jina lake hapo. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, mkopeshaji anaweza pia kusajili dai lake kwenye sajili ya dhamana hata kama jina lake halimo kwenye logibuku, kwa hiyo utafutaji wa pili huko si kupoteza pesa. Mnunuzi afanye utafutaji mwenyewe. Karatasi ya utafutaji inayoletwa na muuzaji inaweza kuwa ya mwaka juzi, au imechapishwa kwenye saiba ya jirani yake.

Rekodi isipoonyesha chochote, subiri. Gari lenye pleti za zamani, zile za herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho, linaweza kuwa halali kabisa na bado rekodi yake ina kasoro. Kazi ya kuirekebisha ni ya muuzaji, kabla ya kulipwa. Wauzaji hupenda kusema "hilo utalimaliza wewe ukishapata gari." Lingekuwa jambo jepesi, angelimaliza mwenyewe na kuongeza bei.

Nambari zinazosema ukweli

Nambari ya chesisi isomwe kwenye chuma, si kwenye picha. Chuma kilichokwanguliwa, nambari zisizokaa kwenye mstari, au kiraka cha kulehemu kuzunguka nambari ni sababu ya kuondoka. Njia moja ya wezi ni kununua mabaki ya gari lililoanguka, lenye logibuku halali, kisha kuhamishia utambulisho wake kwenye gari la wizi la aina hiyo hiyo. Karatasi ni za kweli. Gari ni la mtu mwingine. Kisheria, anayeuza kitu cha wizi hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Polisi wakilipata, gari litarudi kwa mwenyewe, na mnunuzi atabaki kumtafuta aliyemuuzia.

Injini ni habari nyingine. Land Rover nyingi za zamani hazina tena injini zilizotoka nazo kiwandani. Wenyewe waliweka za dizeli za Isuzu au Toyota ili kupunguza mafuta. Hakuna ubaya, mradi mabadiliko yameandikishwa NTSA. Nambari ya injini isipolingana na rekodi, mnunuzi ndiye atakayesimamishwa kwenye kizuizi cha polisi akitakiwa kueleza injini ilitoka wapi.

Ama kutu, twende na fundi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama mabati, na rangi mpya huifanya ionekane kama imetoka jana. Lakini chesisi yake ni ya chuma, na huoza kutoka ndani, hasa nyuma. Fundi aingie chini na nyundo ndogo, agonge, asikilize. Kwa Volkswagen ya mgongo wa kobe, kiti cha nyuma kiinuliwe: betri hukaa hapo chini, na tindikali yake hula sakafu. Sumaku ndogo husaidia kujua mahali ambapo fila imepakwa kuziba mashimo ya bati, maana haitashika. (Kwa bodi ya Land Rover sumaku haitashika kwenye aluminiamu, kwa hiyo mnunuzi asishtuke.)

"Nitakuletea kutoka Japani"

Kuna wanaotangaza magari ya zamani yaliyo nje ya nchi: Land Cruiser ya 1985, Mercedes ya 1979, lipa nusu sasa na nusu likifika Mombasa. Kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na Shirika la Viwango nchini, KEBS, hakiruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025, hilo lilimaanisha magari yaliyosajiliwa kuanzia Januari 2018. Gari la 1985 halipiti. Anayeahidi kulipitisha ama hajui kanuni au anaijua vizuri sana. Ndiyo maana magari ya zamani yanayouzwa kihalali hapa ni yale yaliyokuwepo nchini tayari, mengi yakiwa yameunganishwa Thika na Mombasa miaka hiyo, na ndiyo maana bei yake inapanda. Wapenzi wameongezeka: Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha, mengine yakiwa yametoka Kenya. Mahitaji yanapokua na idadi haikui, tangazo la bei ya kutupa linapaswa kuulizwa maswali.

Kulipa

Malipo yafanywe siku ambayo pande zote mbili zimekaa pamoja, gari likiwa mlangoni, muuzaji akiwa ameanzisha uhamisho kwenye akaunti yake na mnunuzi akiuona kwenye yake. Mkataba wa mauzo uandikwe, ikiwezekana na wakili, ukiwa na nakala za vitambulisho na PIN za KRA, nambari za chesisi na injini, na bei. Pesa zipite benki, ziende kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye logibuku. Muuzaji akiomba zitumwe kwa M-Pesa ya "shemeji" au zigawanywe kwa laini tatu kwa sababu kikomo ni Sh250,000 kwa muamala mmoja, hapo pana tatizo ambalo benki ingelitatua.

Kuhusu bima, mnunuzi aulize mapema. Kampuni nyingi hukataa bima kamili kwa gari lenye umri mkubwa na kutoa ile ya mtu wa tatu tu, au hutaka kwanza tathmini ya thamani.

Aliyekwisha kutuma pesa na kugundua ametapeliwa asione haya, wala asisubiri wiki. Ujumbe wa muamala utumwe mara moja kwa nambari 456 ya Safaricom kuomba pesa zizuiwe. Mpokeaji akishazitoa, njia hiyo hufungika. Kisha aende kituo cha polisi kilicho karibu akaandikishe taarifa na kupewa nambari ya OB. Picha za tangazo, nambari za simu na mazungumzo ya WhatsApp yasifutwe hata kama yanaudhi, kwa sababu ndiyo ushahidi. Kupata pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, lenye kifungo cha hadi miaka mitatu, na Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mitandao ya mwaka 2018 ina adhabu kali zaidi. Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, hupokea pia taarifa bila malipo kwa simu 0800 722 203, na anayepiga halazimiki kutaja jina lake.