Vifaranga wamefika nyumbani, na mtoto ana miaka miwili

Boksi la vifaranga likifunguliwa nyumbani, anayefurahi kuliko wote ni mtoto mdogo. Anataka kuwashika, kuwabusu na kulala nao. Kwa familia ya Butimba, jijini Mwanza, iliyopanga chumba na sebule, boksi hilo mara nyingi huishia pembeni mwa kitanda. Hapo ndipo mzazi anapotakiwa kuwa makini.

Kifaranga anayeonekana mzima kabisa anaweza kuwa na bakteria wa salmonela kwenye kinyesi na manyoya yake. Kwa mtu mzima huenda ikawa tumbo la siku mbili tatu, lakini kwa mtoto wa chini ya miaka 5 kuhara huko kunaweza kumkausha maji mwilini haraka. Mtoto wa umri huo hupeleka kila kitu mdomoni. Watafiti waliowaangalia watoto wachanga vijijini Zimbabwe, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliwaona baadhi yao wakila udongo na hata kinyesi cha kuku.

Joto bila mkaa chumbani

Wiki ya kwanza vifaranga huhitaji nyuzi joto 32 hadi 35, kisha hupunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki. Wakijikusanya karibu na chanzo cha joto, wanasikia baridi. Wakikikimbia, joto limezidi.

Wengi hutumia jiko au chungu cha mkaa. Kisiwekwe kamwe katika chumba wanacholala watu. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia inaweza kulala isiamke. Mkaa ukae kwenye banda lenye matundu ya hewa, umezungushiwa wavu, mbali na maranda na mbali na mtoto.

Kanuni za mtoto

Mtoto asiachwe peke yake na vifaranga. Aketi chini, anyooshe viganja, mzazi amwekee kifaranga mmoja kwa muda mfupi. Akikibana kwa furaha, kinaweza kufa mkononi mwake. Mtoto wa chini ya miaka 5 ni salama zaidi akitazama tu na kusaidia kuhesabu.

Asiwabusu, asile akiwa karibu nao. Baada ya hapo anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka; kopo la kumiminia linatosha. Ndala za bandani zibaki bandani. Vyombo vya kuku visioshwe pamoja na vya chakula, na dawa za kuku zisiwekwe kwenye chupa za soda.

Mtoto akiharisha, apewe ORS mapema huku akiendelea kunyonya au kula. Akiwa na homa, damu kwenye choo, macho yaliyozama au akishindwa kunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja, na mhudumu aambiwe kuwa nyumbani kuna vifaranga.

Chanjo, na kama nafasi hakuna

Kideri kinaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa Kibaha, huwekwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kupanga tarehe zake na za gumboro.

Kama nyumba haina banda wala kona ya nje inayofungika, ni heri kununua vifaranga wa wiki nne waliokwisha kuchanjwa. Bei yao ni kubwa kuliko ya wa siku moja, lakini muuzaji amekwisha kubeba gharama za joto, chakula na vifo vya mwanzo. Kwa kawaida hawahitaji tena mkaa usiku kucha.