Mvua za vuli zikiisha, ukoo hurudi mlimani

Ndugu msikilizaji, mvua za vuli zinapokaribia kukatika na shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, jiji la Dar es Salaam huanza kupumua. Foleni za asubuhi hupungua, baadhi ya maduka ya Kariakoo hushusha milango, na fundi aliyechukua kitambaa chako tangu Oktoba anakuambia mwonane Januari. Ukiuliza wenyeji wa mtaa wamekwenda wapi, jibu huja na kicheko: "Wamekwenda kuhesabiwa."

Wanaosemwa hapo ni ndugu zetu Wachaga, na utani huo umetoka katika habari ya Krismasi, ya watu walioamriwa kwenda kila mmoja mji wa kwao kuandikishwa. Wao wenyewe wameupokea, na wengine huutumia kuombea ruhusa kazini. Juma hili napenda tuuchukue utani huo kwa uzito kidogo, maana ndani yake mna swali la haki: ni kitu gani kinachomfanya mtu mwenye nyumba, kazi na watoto mjini afunge mlango, apakie familia nzima na kusafiri kilomita zipatazo 560 hadi Moshi, kisha apande tena hadi Rombo, Marangu, Kibosho au Machame, kwa ajili ya siku kumi tu?

Wengi hujibu kwamba ni sherehe: nyama, mbege na kuonyeshana magari. Sherehe zipo, sikatai. Lakini mtu hawezi kurudia safari ya namna hiyo miaka thelathini kwa sababu ya nyama, ambayo hata Dar es Salaam inauzwa. Jibu liko katika neno moja: kihamba.

Kihamba ni shamba la nyumbani, kwenye miteremko ya mlima kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Juu kuna miti mikubwa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga. Ng'ombe na mbuzi hufungwa zizini, samadi yao ikarudi shambani, na maji huja kwa mifereji iliyochimbwa na wazee wa zamani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huo, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa ni urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Lakini kwa mwenyewe, kihamba ni zaidi ya kilimo. Humo ndimo yalimo makaburi. Babu, bibi, baba, shangazi aliyerudi nyumbani, wote wamelala pembeni mwa migomba hiyo. Ndiyo maana mtu aliyefia mjini husafirishwa kwenda kuzikwa huko, na ndiyo maana walio hai hurudi kila mwaka kupalilia, kujengea na kupanda maua.

Sasa, ardhi hiyo haiongezeki. Baba mwenye kihamba cha ekari mbili na wana wanne akigawa, kila mmoja anapata nusu ekari. Nao wakigawa tena, inabaki sehemu ya kujengea nyumba na kupanda migomba michache. Kwa mila, mtoto wa mwisho ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi. Wengine walilazimika kutafuta pengine. Walitafuta shuleni, kwa kuwa misheni zilifika mlimani mapema, kabla karne ya 19 haijaisha. Walitafuta katika biashara na katika ofisi za serikali. Kahawa ndiyo iliyowalipia karo wengi wao, ikiuzwa kupitia chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933. Kisha mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya kuuza kahawa ukavunjika, bei ikaanguka, na vijana waliokuwa bado wanasitasita nao wakateremka mlima.

Matokeo yake ni ukoo uliotawanyika. Kaka yuko Mwanza, dada Dodoma, mdogo wao Mbeya, binamu Nairobi, na mama mzee amebaki peke yake mlimani na mjukuu mmoja. Ukoo wa namna hii hauna ofisi, hauna katibu, hauna anwani. Una siku kumi za mwisho wa mwaka. Siku hizo ndizo mkutano wake mkuu.

Wala jambo hili si la mlima mmoja. Wapare na Wahaya nao hufunga safari, na kwa jirani zetu Kenya mabasi ya kutoka Nairobi kwenda magharibi hujaa mwezi huo huo, watu wakirudi mashambani kwa wazee wao.

Hebu tuangalie basi mkutano huo unafanya kazi gani. Kwanza, unawatambulisha watu. Watoto waliozaliwa Mbagala na Sinza hukutana na binamu zao kwa mara ya kwanza, hufundishwa huyu ni baba mkubwa, yule ni shangazi, na huyu ukikutana naye chuoni usije ukamchumbia, kwani ni dada yako. Wengi wa watoto hawa hawaijui lugha ya nyumbani, na bibi anayezungumza Kirombo au Kimachame husalimiana nao kwa ishara na kicheko. Hapo ndipo mzazi anapotambua kilichopotea.

Pili, unakusanya sherehe. Kipaimara, ubatizo, harusi na kumbukumbu za marehemu huwekwa Desemba, kwa sababu ndugu wote wapo na gharama ya kuwaita mara mbili haipo. Ukipata kadi tatu za siku moja usishangae.

Tatu, na hili ndilo kubwa, unaamua mambo. Mbuzi akishachinjwa na wazee wakishapata kata yao ya mbege, kile kinywaji cha ndizi mbivu na ulezi, watu wazima huketi chini ya mti. Nani atamtunza mama mwaka huu? Paa linalovuja litaezekwa kwa mchango wa nani? Mtoto wa marehemu kaka atasomeshwa na nani? Mpaka ule aliousogeza jirani utaongelewa lini? Waliokosana hupatanishwa, na jani la isale, alama ya kuomba radhi ambayo Mchaga haikatai kwa urahisi, bado lina kazi yake.

Hapa ndipo, ndugu msikilizaji, napoona lililo hatarini. Mkutano huu mkuu sasa unaliwa na mambo mawili.

La kwanza ni maonyesho. Yupo anayekopa mwezi wa Novemba ili mwezi wa Desemba aonekane amefanikiwa. Anakodi gari, ananunua kreti za bia, anachangia harusi kwa sauti kubwa, kisha Januari karo ya watoto inamkuta hana hata nauli ya daladala. Mbaya zaidi, yupo ambaye hana cha kuonyesha, basi haendi kabisa. Mwaka wa kwanza anasema ana kazi nyingi, wa pili anasema mtoto anaumwa, wa tatu hakuna anayemuuliza. Mama yake hakutaka kreti za bia. Alitaka kumwona. Ukoo unaompima mtu kwa alichobeba kwenye buti la gari unajifukuzia watu wake wenyewe.

Kuna pia wale ambao sikukuu kwao si mapumziko hata kidogo. Wakwe wa kike huamka kabla ya jua kumenya ndizi za mtori na kulala wa mwisho wakiosha masufuria, na wakati wazee wanapoketi chini ya mti kuamua, wao wako jikoni. Vivyo hivyo mabinti wa nyumba. Huyu ndiye aliyemlipia mama hospitali mwaka mzima, lakini kihamba kinapotajwa anaambiwa yeye ni wa kwa mume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Mkutano wa ukoo ndio mahali pa kuitekeleza kwa amani, wazee wakiwa hai, kuliko kusubiri mahakamani baada ya matanga.

La pili linalokula mkutano huu ni barabara. Safari ya kwenda Kilimanjaro hupita Chalinze, Korogwe, Mombo, Same na Mwanga, na kila mji kati ya hiyo una watu unaowakumbuka kwa majonzi. Februari 2023, wakati wa usiku, basi dogo lililobeba jeneza na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro liligongana na lori huko Korogwe, wakafa watu wasiopungua 17, wengi wao wa familia moja. Juni 28, 2025, katika eneo la Sabasaba wilayani Same, mabasi mawili yaligongana na kuwaka moto. Zaidi ya watu 35 walipoteza maisha. Ukoo unaposafiri katika gari moja, ajali moja huweza kufuta nyumba nzima.

Tufanye hesabu rahisi. Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa basi ni kilomita 80 kwa saa. Kilomita 560 kwa mwendo huo ni saa saba bila kusimama hata mara moja, wala kupunguza mwendo vijijini ambako mwisho ni 50. Kwa hiyo dereva wa basi anayejisifu amefika Moshi kwa saa sita, na abiria wanaompigia makofi, wanajisifia kuvunja sheria. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya marufuku ya karibu miaka 30. Ruhusa hiyo imesaidia wengi, lakini haikuondoa usingizi machoni mwa dereva. Kwa mwenye gari lake, ushauri ni ule ule wa wazee: lala kwanza, anza na mwanga, pokezaneni usukani. Kwa wasiopata basi ipo pia reli, ambayo safari zake za abiria hadi Moshi zilirejeshwa Desemba 2019 baada ya kusimama zaidi ya miaka 20. Nauli ya basi nayo iulizie mapema, ukadai tiketi yenye bei iliyoandikwa, kwani wapo wanaopandisha kinyemela wakijua huna njia nyingine.

Mkishafika salama, ombi langu ni dogo. Katika zile siku kumi, tengeni asubuhi moja isiyo na muziki wala bia. Wakwe na mabinti wakae kitini kama wengine. Kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri aandike majina ya waliozikwa pale shambani, mipaka ya kihamba, na kila lililokubaliwa, pamoja na jina la atakayelitimiza. Mzee akiwa na neno la wosia, liandikwe mbele ya mashahidi akiwa na akili zake timamu. Daftari hilo litadumu kuliko mbuzi.

Na yule ambaye mwaka huu hana kitu, naye aende. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Lakini kwao napo pasimkatae aliyekuja mikono mitupu. Kama kweli tunakwenda kuhesabiwa, basi tuhesabiane kwa vichwa, na asiyeonekana aulizwe yuko wapi.

Hadi juma lijalo, nawatakia safari njema.