Goti la raga na ndoto ya kuwa afisa wa jeshi

KIJANA anayetamani kuingia Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi cha Lanet, Nakuru, mara nyingi ndiye yule yule aliyeivalia jezi timu ya shule. Mbio na nguvu alizozipata uwanjani ndizo zinazompa matumaini, ilhali uwanja huo huo waweza kumfungia lango siku ya usajili.

Matangazo ya Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) yamekuwa yakitaja kimo cha mita 1.60, umri na alama za mtihani, kisha yakasisitiza afya njema ya mwili. Sharti hilo la mwisho husahaulika upesi, labda kwa kuwa halina tarakimu.

Jeraha linaloogopewa zaidi ni kukatika kwa ukano wa mbele wa goti. Aghalabu hutokea bila kugongwa na yeyote: mchezaji anageuka ghafla au anatua vibaya baada ya kuruka. Wasichana wanaocheza kandanda, netiboli au mpira wa vikapu wamo hatarini zaidi ya wavulana.

Anayefanyiwa upasuaji hushauriwa kukaa nje ya michezo kwa muda usiopungua miezi 9, na hatari ya kuumia tena huwa kubwa zaidi katika miaka 2 ya kwanza. Kwa hivyo, anayeumia wakati usajili unakaribia atakuwa amepoteza nafasi ya mwaka huo, na umri haumsubiri.

Katika raga, bega nalo lina hila zake. Likiteguka mara moja kwa kijana wa chini ya miaka 20, huelekea kuteguka tena, na jeshini atatakiwa kupanda kamba na kubeba mzigo mzito.

Je, aache michezo? La hasha. Anayepumzika miezi kadhaa kisha akaanza ghafla mbio ndefu na gwaride huweza kupata ufa katika mfupa wa muundi, jeraha linalofahamika mno miongoni mwa makurutu kote duniani. Tena jeshi lenyewe linathamini wanamichezo. Ulinzi Stars, timu yake ya kandanda, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka wa 2003, 2004, 2005 na 2010.

Lililo la busara ni kupima wakati. Mechi ya kirafiki ya mtaani, katika uwanja wenye mashimo, wiki chache kabla ya usajili, haina faida inayolingana na hatari yake. Mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 20 yaliyobuniwa chini ya FIFA, yakifanywa angalau mara 2 kwa wiki, hupunguza majeraha kwa takriban theluthi moja au zaidi.

Aliyekwisha kuumia ahifadhi picha za eksirei na barua za daktari, wala asifiche kovu. Goti bovu linaloponyoka macho ya daktari wa usajili litajitokeza katika matembezi ya kwanza ya usiku, mkoba ukiwa mgongoni.