Kulala ndani ya minibusi usiku wa baridi: mbabula ibaki nje



Paruasi zetu nyingi zina minibusi moja ya zamani iliyotolewa viti vya nyuma. Mchana inabeba vyombo vya muziki na waimba kwaya. Usiku, wakati wa kampeni ya injili, inawekwa mbao na matela, nayo inakuwa chumba cha kulala. Ni jambo zuri, kwa sababu ndugu wanaotupokea milimani mara nyingi hawana nafasi ya kutosha. Lakini tunapaswa kusema wazi juu ya baridi, na juu ya namna tunayoifukuza.

Sisi wenyewe tulikosea. Usiku mmoja wa kiangazi tulikuwa watano ndani ya gari, na baridi ilikuwa kali. Tuliingiza mbabula. Makala yalikuwa yamewaka vizuri, mekundu, bila moshi, basi tukafikiri hakuna hatari. Tukafunga milango, tukaomba, tukalala. Kabla ya usiku wa manane mwenzetu mmoja aliamka akiumwa kichwa na kutaka kutapika. Alipojaribu kusimama, miguu ilikataa. Akajikokota mpaka mlangoni, akaufungua. Kama hakuamka, leo wengine wangekuwa wanaandika juu yetu.

Kilichotokea kinaeleweka. Makala yakiwaka mahali penye hewa kidogo, yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Ndani ya damu inachukua nafasi ya oksijeni, kwa kuwa inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya watu zaidi. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Tena, kadiri gari inavyozibwa vizuri ili kuzuia baridi, ndivyo sumu inavyojaa haraka.

Basi tufanye nini? Tukumbuke kwanza kwamba baridi ya milimani ni ya kweli. Uvira, pembeni ya ziwa Tanganyika, iko karibu metre 780 juu ya bahari. Kwenye milima ya Itombwe kuna sehemu zinazopita metre 2 500. Kila tukipanda metre 1 000, joto linapungua kwa digrii karibu 6. Aliyetoka Uvira akitoa jasho atalala huko juu mahali penye digrii zaidi ya 10 pungufu.

Jibu la kwanza ni kutunza joto tulilo nalo. Mtu aliyelala anatoa joto kama la ampuli ya zamani ya wati 70 hivi. Watu wanne ni jiko dogo! Shida ni kwamba bati la gari linapitisha joto hilo nje upesi sana. Kinacholizuia ni hewa iliyotulia, iliyofungiwa ndani ya kitu chepesi: sponji ya matela, blanketi la manyoya, makartoni, au frigoliti, ile nyeupe inayofunga televizio mpya.

Tuanze chini, kwa sababu sakafu ndiyo inayokula joto la mwili. Tuweke makartoni mawili au matatu, kisha mkeka, kisha matela. Halafu madirisha: tukate makartoni kwa kipimo cha kila kioo na kuyafunika kwa kitambaa kizito. Mwisho kuta na dari. Frigoliti inashika moto haraka na moshi wake ni sumu, kwa hiyo ifunikwe kwa mbao nyembamba, na mshumaa usiingie kabisa.

Tusizibe kila tundu. Watu wanne wakilala usiku mzima, pumzi yao inatoa maji yanayofikia lita moja hivi. Maji hayo yanaganda juu ya bati, yanalowesha matela na kuleta kutu. Tuache nafasi ya vidole viwili juu ya madirisha mawili, upande huu na upande ule.

Kama bado kuna baridi, tuchemshe maji nje, tuyatie ndani ya bidoni ngumu yenye kifuniko kizuri, tuifunge na kitambaa na kuiweka miguuni. Tule chakula cha moto kabla ya kulala, na tuvae kofia na soksi kavu. Shofere asiache moteri inawaka ili tupate joto, zaidi sana gari ikiwa imezama matopeni: bomba likizibwa, moshi unaweza kurudi ndani. Kule Ulaya, wanaoishi ndani ya gari za namna hii wanatumia mashine za mazutu zinazovuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake. Mbabula haina bomba.

Mtu akiumwa kichwa, akizunguka au kutapika ndani ya gari yenye moto, wote watoke mara moja. Aliyezidiwa apelekwe hospitali, kwa maana anahitaji oksijeni. Tuombe tukiwa njiani, tusiombe mahali pa kwenda.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu anamwagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Hapo tunaona kwamba kuzuia kifo cha jirani ni sehemu ya utii. Minibusi yetu nayo ni nyumba kwa usiku mmoja. Kabla kwaya haijapanda mlima, kiongozi ahesabu mablanketi kama anavyohesabu vyombo vya muziki, na amtaje kwa jina yule atakayehakikisha kwamba mbabula imebaki nje.

Bwana awalinde katika safari zenu.