Mashine ya kusafishia hewa: mkaa wake unasaidia nini na hausaidii nini

Baridi ikiingia madirisha hufungwa, harufu ya samaki wa kukaanga inalala na watu ndani hadi asubuhi, na wenzetu wengi huamua kununua mashine ya kusafishia hewa. Kwenye boksi huandikwa Activated Carbon, yaani ndani mna chujio la mkaa maalumu. Watu huuliza: mkaa huo hauna madhara? Na je, unafanya kazi kweli?

Kuhusu madhara, msiogope. Mkaa huu mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, vile vile tunavyowashia moto kule nyumbani. Vifuu huchomwa pasipo hewa mpaka viwe mkaa, kisha hupitishiwa mvuke wenye joto la nyuzi 800 hadi 1000 hivi, na hapo mkaa hujaa vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ukiweza kuvikunjua vyote, gramu moja tu ina eneo la zaidi ya mita za mraba 500. Hewa ikipita, mivuke yenye harufu hunata humo. Mkaa wenyewe hautoi sumu. Chujio jipya huweza kuwa na vumbi jeusi kidogo, basi likung'ute nje kabla ya kuliweka, na usilioshe kwa maji.

Kuhusu kazi yake, mkaa hunasa harufu ya mapishi, ya sigara, ya rangi mpya na mivuke mingi ya dawa za usafi. Vumbi, chavua na chembe za moshi si kazi yake. Hizo hukamatwa na chujio liitwalo HEPA, ambalo huzuia asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikroni 0.3. Kwa hiyo mwenye mtoto wa pumu asinunue mashine yenye mkaa peke yake.

Jambo ambalo muuzaji hakwambii ni uzito. Mashine nyingi za bei nafuu zina kipande cha sponji kilichopakwa unga wa mkaa, gramu chache tu. Ukipika kila siku kitajaa upesi, na kikishajaa, joto au unyevu ukizidi kinaweza hata kurudisha harufu chumbani. Taa ya kukukumbusha kubadilisha chujio, kwenye mashine nyingi, inahesabu saa tu, haijui kama mkaa umejaa. Pua yako inajua zaidi. Ile namba ya CADR kwenye boksi nayo hupimwa kwa vumbi, chavua na moshi, haisemi chochote kuhusu harufu. Na mashine inayojisifu kuwa inatengeneza ozoni iacheni dukani, maana ozoni huwasha mapafu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Kuna gesi moja, kaboni monoksidi, ambayo mkaa wa chujio hauinasi, wala HEPA haiizuii. Haina rangi wala harufu, na inaua. Hutoka kwenye jiko la mkaa, jenereta, hita mbovu ya gesi, na ndiyo, hata kwenye makaa ya chetezo cha udi. Hatari ni kwamba mashine ikishaondoa moshi na harufu, wewe unaona hewa ni safi, hufungui dirisha, na gesi inabaki pale pale.

Si hadithi. Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme eneo la Seattle, Marekani. Watu zaidi ya 200 walitibiwa kwa sumu ya gesi hii na wengine walifariki. Wengi wa walioathirika walikuwa wahamiaji, na wengi waliwasha mkaa ndani ili wapate joto au wapike. Nyumba za kule zimezibwa ili baridi isipenye. Si kama jiko la uani kwetu.

Kwa hiyo udi ufukizeni dirisha likiwa wazi, hata kama ni Muscat na kiyoyozi kinafanya kazi, kisha makaa yatoeni nje. Msilale nayo. Na jiko la mkaa lisiwekwe chumbani kwa mzazi kumpasha joto, hata bibi akisisitiza.

Badala ya kutegemea mashine, nunueni kengele ya kaboni monoksidi. Si ile ya moshi, ni nyingine. Kule England, tangu Oktoba 2022 mwenye nyumba anatakiwa aiweke katika chumba chenye boila au hita ya kuchoma mafuta, gesi au kuni, isipokuwa kama ni jiko la gesi la kupikia. Ikiwa hamna, mdaini, ni haki yenu.

Mkiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu nyote kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, msitafute panadol. Tokeni wote na watoto, kisha pigeni simu mkiwa nje: 999 Uingereza, 911 Marekani, 9999 Oman.