Ukaguzi wa umeme: Ripoti pekee haipunguzi bili

USIKU wa manane, ofisi nyingi za katikati ya jiji la Nairobi huwa zimefungwa, ilhali mita za umeme huendelea kuhesabu. Kubaini umeme huo unakokwenda ndiyo kazi ya ukaguzi wa kina wa matumizi ya kawi.

Ukaguzi huu haukuachwa kuwa hiari. Kanuni za Usimamizi wa Kawi za 2012 ziliagiza jengo la biashara linalotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka, yaani wastani wa 15,000 kwa mwezi, likaguliwe kila baada ya miaka mitatu na mkaguzi mwenye leseni. Usimamizi ulikuwa chini ya tume ya ERC, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na mamlaka ya EPRA mwaka 2019.

Mkaguzi huanza kwa kuchambua bili za miezi iliyopita. Kisha hufunga vipimo kwenye nyaya kuu kwa siku kadhaa, wikendi ikiwemo, ili aone jinsi matumizi yanavyopanda na kushuka. Hatimaye hupitia kifaa kimoja kimoja: taa, lifti, pampu za maji, viyoyozi na jenereta.

Kasoro zinazogunduliwa aghalabu ni za kawaida. Pampu ni kubwa kuliko mahitaji, au taa za maegesho huwaka pasipo mtu. Katika majumba ya vioo kama yale ya Westlands, jua la alasiri huingiza joto ambalo viyoyozi hulazimika kuliondoa.

Kila pendekezo huambatanishwa na gharama yake. Kwa mfano, taa mpya za Sh600,000 zikiokoa Sh50,000 kwa mwezi, fedha hizo hurudi baada ya mwaka mmoja.

Utata huzuka katika utekelezaji. Katika majengo mengi ya kukodisha, gharama ya umeme wa lifti, ngazi na pampu hugawanyiwa wapangaji kupitia ada ya huduma. Mwenye jengo ndiye anunuaye mitambo, mpangaji ndiye alipaye bili. Asiyeumia hana haraka.

Ndiposa kanuni hizo hazikukomea kwenye ripoti. Zilitaka angalau nusu ya akiba iliyobainishwa ipatikane kabla ya miaka mitatu kwisha.

Kwa hivyo, mpangaji anayelipa ada hiyo ana maswali mawili ya kumuuliza msimamizi wa jengo: ukaguzi ulifanywa lini, na ni kipi kilichobadilishwa tangu wakati huo?